Mtoto tunayemsubiri ni kiziwi, na mume wangu hataki kujifunza alama

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, niko kwenye ndoa mwaka wa tisa sasa. Hatukujaliwa mtoto, na baada ya kuzunguka hospitali miaka sita tulikubaliana tuasili. Taratibu zote tumezipitia: tumekaguliwa nyumba, tumehojiwa pamoja na kila mtu peke yake, tumeulizwa hata tukigombana huwa inakuwaje. Tulijaza kwamba mtoto anaweza kutoka hapa nchini au nje, mradi hajazidi miaka mitano. Ukurasa wa mwisho wa fomu ulikuwa na orodha ya maradhi na ulemavu, unaweka vema pale unapoona utaweza. Nikaweka vema kwenye uziwi. Nakiri sikufikiri sana. Niliona ni afadhali kuliko mengine, kalamu ikapita.

Miezi miwili iliyopita simu ikalia. Kuna binti wa miaka minne na miezi saba, yuko kwenye makao ya watoto nchi ya mbali, kiziwi wa masikio yote mawili. Faili lake lina kurasa tatu. Limeandikwa kwamba aliugua "homa kali" akiwa na miezi 11, kwamba sikio la kulia linaanzia kusikia kwenye desibeli 95 na la kushoto 100, kwamba ni mchangamfu, anapenda maji, na "anawasiliana kwa ishara". Basi. Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi ujao tuseme ndiyo au hapana.

Pamoja na faili ilikuja video ya dakika mbili. Shangazi, nimeitazama mpaka naiota. Amekaa mezani anapanga vikombe vya plastiki, kimoja juu ya kingine. Mtoto mwenzake anapita nyuma anachomoa kikombe, naye anapiga meza kwa kiganja mara tatu mpaka yule mwenzake anageuka na kurudisha. Halafu anamtazama anayepiga video. Anakunja ngumi, anaigusisha kidevuni mara mbili, harakaharaka, anasubiri. Mwenye kamera hafanyi kitu. Anarudia: ngumi, kidevu, mara mbili. Video inaishia hapo. Nimepekua kila kamusi ya alama ya nchi yetu niliyoipata mtandaoni, ile alama haimo. Nikiwa peke yangu najiaminisha kwamba anasema "mama".

Mume wangu ni mtu mwema na mtoto anamtaka kuliko hata mimi. Lakini amesoma habari za upasuaji wa kuweka kifaa sikioni, na sasa haambiliki. Anasema tukishamfikisha tu tunampeleka akapasuliwe, mwaka ukiisha anaongea kama wenzake. Kujifunza alama anaona ni kupoteza muda, tena kutamfanya mtoto awe mvivu wa kuongea. Kwa hiyo mimi najifunza kwa siri, usiku, bafuni, simu mkononi. Nimefikisha alama kama 60. Juzi nikaambiwa kwamba huko anakotoka wana lugha yao ya alama, tofauti kabisa na yetu. Mimi nilijua ni moja dunia nzima! Nilikaa kwenye sakafu ya bafu nikalia.

Mama mkwe naye amesema mbele ya mawifi zangu: "Watoto wasio na wazazi wamejaa hapa hapa, nyinyi mnavuka bahari kwenda kuleta bubu?" Sikuwa na jibu, na kusema kweli nusu ya swali lake inaninyima usingizi.

Je, tumkubali? Naogopa kumchukua mtoto wa watu nikashindwa kuongea naye. Naogopa pia kusema hapana, halafu niishi na ile ngumi kidevuni miaka yangu yote.

Mama Mtarajiwa

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Kwanza toka bafuni. Mtu hajifunzi lugha ya mwanawe kwa kujificha kama anayevuta sigara. Kaa sebuleni, simu iegemeze kwenye kikombe, mumeo akuone unavyokosea na kurudia.

Nina sababu ya kuwa mkali. Mdogo wangu wa kike aliacha kusikia akiwa na miaka miwili. Nyumbani tulimpenda, hilo nalisema bila haya, na tulikuwa na ishara zetu za kubuni kama kumi na tano hivi: kula, lala, njoo, acha, oga, nenda kaombe radhi. Nimekuja kuzihesabu ukubwani nikagundua karibu zote ni amri. Hatukuwa na ishara ya "kwa nini". Hatukuwa na ya "jana", wala ya "usiogope". Bibi yetu, aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja, alifariki mdogo wangu akiwa na miaka sita. Watu wakajaa, wakalia, wakaondoka, na bibi hakuonekana tena. Miaka tisa ndipo alipopelekwa shule yenye watoto viziwi wenzake, akapata lugha. Akiwa mtu mzima, nami nimeshajifunza alama kwa kuchelewa, aliniuliza jambo: bibi alimkasirikia kwa kosa gani hata akahama? Alilibeba hilo miaka yote, na sisi tulikuwa tunakula naye sahani moja.

Kwa hiyo ukiniuliza habari za mtoto kiziwi, mimi siulizi kwanza masikio. Nauliza ana lugha? Mtoto anaweza kukua vizuri kabisa bila sauti. Kinachomwumiza ni kukosa lugha katika ile miaka mitano ya mwanzo, ubongo unapokuwa umefunguka kwa kazi hiyo. Akipata lugha ya alama mapema, kila kitu kingine kinapata pa kushikia: kusoma, kuhesabu, kukumbuka, kujua kwamba mwenzake naye ana mawazo yake. Akiikosa, baadaye hujifunza, lakini kwa jasho na kwa mapengo. Binti yenu ana miaka minne na miezi saba. Kalenda hiyo ndiyo ingepaswa kumharakisha mumeo, si kalenda ya upasuaji.

Sasa angalia maneno ya faili: "anawasiliana kwa ishara." Hayo yanaweza kuwa mambo mawili yaliyo mbali kama usiku na mchana. Inaweza kuwa ana lugha ya alama kamili, amefundishwa na mtu anayeijua au ameiokota kwa watoto wakubwa. Au inaweza kuwa anaonyesha kidole anachotaka, kama mdogo wangu. Andika leo uulize: ni nani hapo kwenye makao anayejua lugha ya alama? Yuko mtu mzima aliye kiziwi? Anakaa na watoto viziwi wengine? Kisha omba video nyingine, na safari hii mtu anayejua alama amuulize jana alifanya nini. Mtoto asiye na lugha atakuonyesha kikombe kilichopo mbele yake. Mwenye lugha atakusimulia kikombe kilichovunjika jana, nani alikivunja na nani alichapwa kwa kusingiziwa.

Nami kwenye hiyo video unayoiota naona kitu ambacho umekiandika bila kukitambua. Amepiga meza kumwita mwenzake. Hiyo ndiyo adabu ya viziwi kuitana, mtetemo unapita kwenye ubao. Na alipokosa jibu kwa mwenye kamera, alirudia alama ile ile, vilevile, akangoja. Anayerudia namna hiyo ni mtu aliyezoea kujibiwa. Siwezi kuapa kwa dakika mbili za video, lakini dau langu naliweka hapo: kuna mtu huko anaongea naye, ila siku hiyo hakuwa ndiye aliyeshika kamera.

Kilio chako cha bafuni nakielewa, ila hukupoteza kitu. Lugha za alama duniani ni nyingi, zaidi ya 300 kwa hesabu ya Shirikisho la Viziwi Duniani, na hazifuati lugha za midomo. Waingereza na Wamarekani wanasikilizana kwa Kiingereza, lakini viziwi wao hawaelewani kwa alama. Hata herufi za vidole Uingereza hufanywa kwa mikono miwili, Marekani kwa mmoja. Ya Marekani undugu wake uko Ufaransa, kwa sababu mwalimu kiziwi Mfaransa, Laurent Clerc, alivuka bahari mwaka 1816 na mwaka uliofuata shule ikafunguliwa Hartford. Hizo alama zako 60 ni za lugha atakayoishi nayo huku, endelea nazo. Ila tafuta pia kiziwi wa nchi anakotoka, siku hizi mnaonana kwenye simu, mlipe, akufundishe mia moja tu za kule. Nataka siku ya kwanza uweze kumwambia: njaa, choo, maji, inauma, naogopa, usiogope, kesho, tunarudi, rafiki zako, nimekuona. Mtoto mwenye lugha moja ya alama huivamia ya pili kwa kasi itakayokuacha nyuma.

Tuje kwa baba mtarajiwa. Sina ugomvi na upasuaji huo, na wapo watoto umewafaa sana. Kifaa kinaitwa kipandikizi cha koklea. Koklea ni kile kiungo kidogo cha sikio la ndani kilichojikunja kama konokono. Daktari anaingiza humo uzi mwembamba wenye vituo vya umeme, na nje ya kichwa hukaa kinasa sauti kilichoshikwa kwa sumaku, kinachogeuza sauti kuwa umeme na kuutuma kwenye neva. Ubongo ndio unaojifunza kuutafsiri, na hiyo ni kazi ya miaka ya mazoezi na mtaalamu.

Lakini mumeo amelisoma tangazo, hajalisoma faili. "Homa kali" ya miezi 11 ni homa gani? Kama ilikuwa ya uti wa mgongo, ugonjwa huo huacha mfupa ukiota ndani ya koklea, wakati mwingine mapema sana baada ya kuugua, na mfupa ukijaa, uzi huo unapita kwa shida au haupiti kabisa. Ndiyo maana watoto wa namna hiyo hukimbizwa kupasuliwa mapema. Huyu imeshapita miaka mitatu na zaidi. Pengine koklea yake iko wazi, pengine imeziba, na hakuna atakayejua mpaka apigwe picha za ndani za sikio. Halafu kuna umri. Sehemu ya ubongo inayopokea sauti huitikia vizuri zaidi kwa wanaopandikiziwa kabla ya miaka mitatu na nusu hivi, na ikishapita saba faida hupungua sana. Binti yenu yuko katikati, na miezi ile 11 aliyosikia inaweza kumsaidia kidogo. Kwa hiyo sisemi haiwezekani. Nasema mumeo ameahidi kitu kwa niaba ya mfupa asiouona.

Na mwulize hili. Faili linasema mtoto anapenda maji. Siku ya kuoga, kifaa kikivuliwa, ni kiziwi yule yule. Usiku kikivuliwa, ni kiziwi yule yule. Akiamka na ndoto mbaya, baba atamwambia nini, na kwa kitu gani?

Ile hofu ya uvivu ni ya zamani, wala si yake peke yake. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, karibu wote watu wanaosikia, wakapiga kura kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kusema tu. Alama zikafukuzwa madarasani nchi nyingi, na watoto wakafungwa mikono au kuikalia. Mkutano wa ukoo huo huo ulipofanyika Vancouver mwaka 2010 ndipo maazimio yale yakakataliwa rasmi na majuto yakatamkwa. Miaka 130! Mtoto anayejua alama haachi kuongea kwa ajili ya alama. Akiwa na uwezo wa kusema, lugha aliyo nayo tayari inambeba.

Kama mumeo anategemea kwamba mtoto atasoma midomo, msimamishe mumeo mbele ya kioo aseme bila sauti: baba, papa, mama. Akiona tofauti aniandikie.

Hizo namba za desibeli nazo msizipite. Watu wawili wakizungumza kawaida ni kama 60. Kutoka 60 hadi 95 si hatua chache, kwani kila desibeli 10 ni nguvu ya sauti mara kumi, hivyo pengo hilo ni zaidi ya mara 3,000. Huwezi kuliziba kwa kupaza sauti. Uliza masikio yalipimwa lini na vipi. Kwa mtoto mdogo kipimo cha kuaminika zaidi ni kile anachofanyiwa amelala, vibandiko vimewekwa kichwani kusoma ubongo unavyoitikia mlio. Na kwa kuwa "homa kali" huenda ni makisio ya mtu aliyejaza fomu, omba apimwe macho na umeme wa moyo. Kuna uziwi wa kurithi unaokuja na kupofuka taratibu, na kuna mwingine, adimu, unaokuja na hitilafu ya mapigo ya moyo inayomwangusha mtoto ghafla watu wakadhani ni kifafa. Uliza pia alianza kutembea lini. Swali linaonekana dogo, lakini sikio la ndani ndilo linaloshika mizani ya mwili, na daktari atalifurahia jibu.

Sasa mama mkwe. Neno lake la mwisho ni baya na nitalirudia, ila la kwanza ni swali halali, na usilale mpaka ulijibu. Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993 kuhusu kuasili watoto wa nchi nyingine unalianza jambo hilo hapo hapo: kwanza itazamwe kama mtoto anaweza kupata familia nchini kwake, ndipo mlango wa nje ufunguliwe. Unataka ridhaa ya wazazi au walezi itolewe kwa hiari, kwa maandishi, bila kununuliwa, baada ya kuelezwa matokeo yake. Unataka kila kitu kipite kwenye mamlaka kuu za nchi zote mbili, na mtu asitengeneze faida isiyo halali. Ombeni muone hayo yote yakiwa yamejazwa kuhusu huyu mtoto, si kuhusu watoto kwa jumla. Familia yake ilitafutwa? Nani, lini?

Kwa mtoto kiziwi nalishikilia hili kwa ukucha. Watoto wengi walioko kwenye makao wana mzazi aliye hai. Na wa kiziwi mara nyingine hupelekwa mbali na kwao kwa sababu huko ndiko kuliko na shule yao, mama anarudi nyumbani akiamini amempeleka bweni. Zipo jamii nyingi ambazo kumpa mwenzio mtoto amlee hakukati undugu, anarudi sikukuu, anajua kwao. Mama wa namna hiyo akiwekewa karatasi, ameweka dole gumba kwenye nini hasa? Jibu likija la kuzungukazunguka, au mtu akianza kukuambia ulipe kidogo mambo yaende haraka, funga faili, hata moyo ukipasuka. Likija jibu safi, basi una la kumwambia mama mkwe: alitafutiwa kwao, hakupatikana mtu. Wala hilo halifuti kwamba wako watoto hapa hapa. Mlijaza fomu ya kote, simu ikaja ya huyu.

Na hilo neno "bubu" liishe. Mtoto ana sauti, atalia na kucheka mpaka majirani wamjue. Ni kiziwi, na kiziwi si tusi, ndivyo wenyewe wanavyojiita. Usigombane na bibi, mpe kazi. Viziwi hupeana jina la alama, ishara moja ya mtu. Ukishalijua la mtoto, mfundishe bibi hilo moja tu kabla hajafika. Nimeona wazee wakali wakilegea wakishajua kumwita mjukuu kwa mkono na mjukuu akageuka.

Mumeo hutamshinda kwa makala, hata hii yangu. Tafuteni chama cha viziwi kilicho karibu nanyi, ombeni kukaribishwa kwenye mkusanyiko wao wa kawaida. Saa mbili, bila mkalimani. Watacheka yeye hajui wanacheka nini. Mtu atamgusa bega, atamwambia kitu kwa upole, kisha ataona hajaelewa, atatabasamu na kuachana naye. Mkirudi nyumbani usimhubirie. Mwache aanze mwenyewe kusema. Na mkiwa huko, tafuta mwanamke au mwanamume mmoja mtu mzima atakayekubali kuja kwenu kila wiki, kabla ya safari na miaka baada yake. Mtoto ambaye hajawahi kumwona kiziwi aliyekua, mwenye kazi na mvi, anaweza kudhani watoto kama yeye hawafiki ukubwani. Mdogo wangu alidhani hivyo.

Mkifika huko kumchukua, kumbuka kwamba hakuna atakayeweza kumwambia kwa sauti "tutarudi" au "usilie". Tumeni mapema kijitabu cha picha: sura zenu, gari, ndege kwa nje na ndani, mlango wa nyumba, kitanda chake, sahani yake. Ombeni mlezi akifungue naye kila jioni. Msimshike kwa nyuma, ingieni kwenye macho yake kwanza. Usiku taa ndogo ibaki inawaka, kwani mkizima taa mmezima na maongezi. Kwenye gari mmoja akae naye nyuma, anayekaa mbele kwake ni kisogo tu. Na jizoezeni kuweka chini mlichobeba kabla ya kumjibu. Hilo la mwisho linanishinda mpaka leo, nimewahi kumjibu mdogo wangu nikiwa na sufuria ya uji.

Usisahau vilevile kwamba huyu haji mikono mitupu. Yule aliyechomoa kikombe pengine ndiye rafiki yake pekee duniani. Ombeni picha ya kila mtoto aliyeko pale, na kama makao yanakubali, waonane kwenye simu. Jina lake la alama msilibadilishe hata mkibadilisha la kwenye hati.

Umeniuliza mumkubali au la. Majibu ya makao yakiwa safi, na mumeo akianza kujifunza sasa hivi, si baada ya daktari, semeni ndiyo, na woga wako uje nao. Akikataa kabisa, msitie saini. Najua ninachokuambia na wewe unakitaka nini. Lakini nyumba yenye mzazi mmoja anayeongea na mwingine anayengoja mtoto apone, nimekulia humo, na sitakusaidia kuijenga.

Sasa ile ngumi. Mwonyeshe video yule mwalimu wa kule utakayempata, kisha waulize na makao, lakini muulize mtu wa zamu ya usiku au mpishi, si mwenye ofisi. Huenda ni "maji". Huenda ni "tena". Mimi, kwa jinsi alivyoielekeza kwa mwenye kamera na kungoja, nahisi ni jina la mtu, yule anayemjibuga siku zote, na alikuwa anauliza yuko wapi. Kama ni hivyo, tafuta picha ya huyo mtu iwe ukurasa wa kwanza wa kijitabu. Ukipata jibu niandikie, hata usiku.